Siku ya Kujipindua

Gongoni, Tabora
8 Aprili 2024

Kaka Revo,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Baba na mgongo wake, mama na kelele zake, kwa hiyo hakuna jipya. Mama bado anakuita Padri mbele ya watu wa sokoni. Ukimkumbusha kwamba hata kanzu hujapewa, anasema kanzu ni kitambaa tu na fundi cherehani anaye ndani ya nyumba.

Najua simu zenu zimefungiwa kabatini na wageni hamruhusiwi mpaka Juni, ndiyo maana nampa Majidi barua hii. Anasema kila baada ya siku mbili tatu anawaletea mkaa hapo Nyumba ya Malezi na kwamba ukitaka kujibu umpe yeye.

Mzee Mustansir ametangaza ufunguzi wa msimu wa klabu ya mashua. Ni Jumapili ya tarehe tano Mei, bwawani Igombe kama kawaida. Mvua za mwaka huu zimelijaza bwawa mpaka ile miti tuliyokuwa tunafungia mashua imebaki vichwa tu. Sasa mashua yetu Hodi haina nahodha tangu uondoke, na kanuni ya klabu unaijua: mashua ikikosa nahodha siku ya ufunguzi, anapewa anayesubiri. Anayesubiri ni Festo wa benki. Amekwisha kusema ataipaka rangi ya zambarau.

Kaka, mashua ile mmeijenga wewe na baba kwa viangazi viwili, na kila tanga lake nimelishona mimi. Nikaandikisha jina langu. Shamila, binti yake Mzee Mustansir, atakaa mbele anisaidie kamba.

Baada ya kuandikisha ndipo nikakumbuka siku ya kujipindua. Mimi niliyekuwa nakaa ukingoni na sindano yangu nikiwacheka wapya, sasa ni zamu yangu. Nahodha mpya sharti aivute mashua yake mwenyewe mpaka ilale, aanguke nayo, aiinue, apande, watu wote wakimwangalia. Asipoweza, haanzi shindano.

Nataka uniambie kitu kimoja. Mwaka jana Agosti, Hodi ilipopinduka na tanga likakufunika, sisi sote tulikuwa tumesimama ukingoni. Mama alishapiga yowe la msiba. Halafu ukatokea upande wa pili, unatabasamu. Mwezi uliofuata ukatuambia umeitwa upadri, na kwa ile furaha hakuna aliyekuuliza habari za maji tena. Sasa nakuuliza mimi. Ulifanya nini kule chini? Ulitokaje?

Naogopa, Kaka. Nikishika kitambaa cha tanga dukani mikono inalowa jasho. Niambie ulivyotoka, ili na mimi nijue.

Mdogo wako,
Bena


Nyumba ya Malezi, Kipalapala
12 Aprili 2024

Mpendwa mdogo wangu Bernadeta,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba. Nimepokea barua yako kwa furaha nikiwa mzima wa afya. Tunaamka mapema, tunasali, tunasoma, tunalima bustani. Nimejaliwa matuta ya mchicha ambayo baba angeyasifu.

Kuhusu swali lako, nilitoka kwa neema. Binadamu katika maji hana ujuzi wa kujivunia. Ushauri wangu kwako ni sala na utulivu wa moyo.

Lakini tafakari pia, mdogo wangu, kama ni lazima. Una cherehani yako, una heshima yako dukani kwa Mzee Mustansir. Mashua ni mbao. Kama Festo anaitaka, zambarau si rangi mbaya. Ni rangi ya Kwaresima.

Wasalimie wazazi. Mwambie mama asiniite Padri.

Kaka yako katika Kristo,
Revocatus


Gongoni
17 Aprili 2024

Kaka Revo,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili nikidhani umeniletea kalenda ya parokia kwa makosa.

Nimeuliza ulitokaje, unaniambia neema. Sawa. Neema ilikuwa mkono wa kushoto au wa kulia? Ulifumbua macho au ulifumba? Ulivua jaketi la kuelea? Shamila ananiambia jaketi lenyewe ndilo tatizo, maana linakusukuma juu, na juu kuna tanga, kwa hiyo linakubandika kwenye kitambaa, na kitambaa kikilowa hakipitishi pumzi. Aliniambia hivyo akila kitumbua, kama mtu anayesimulia habari za harusi. Mimi changu kilinishinda.

Jumapili iliyopita walitupeleka mazoezini. Hodi ilikuwa bado juu ya mchanga, haijagusa maji hata kidogo. Nikaingia, nikakaa mahali pako, nikashika usukani. Upepo ukaja kidogo, tanga likapiga, na miguu yangu ikaanza kutetemeka mpaka mbao zikawa zinagonga. Watu walikuwa wanacheka, wakidhani nafanya vichekesho. Nikacheka nao. Halafu nikaenda nyuma ya gari la Mzee Mustansir nikatapika.

Wala usiniambie niache. Nikiacha, mashua inakwenda kwa Festo, na baba atakuwa anaiona kila Jumapili na rangi yake ya Kwaresima. Tangu uondoke baba hana mtu wa kuzungumza naye habari za mbao. Jioni anakaa bandani peke yake. Nilipomwambia nimeandikisha jina, kesho yake nilikuta ameupunguza mpini wa usukani na kuupiga msasa uenee mkono wangu.

Kwa hiyo nitaingia majini, Kaka. Ninachokuomba ni unieleze kulivyo kule, nisikute mambo nisiyoyajua. Kitu gani kigumu hapo?

Bena


Nyumba ya Malezi, Kipalapala
20 Aprili 2024

Mzee Mustansir,

Shikamoo. Natumaini mlisherehekea Idi vizuri na biashara inakwenda.

Nakuandikia kwa jambo la haraka, na nakuomba libaki kati yetu. Mlingoti wa Hodi una ufa. Niliuona msimu uliopita, chini kabisa, pale unapoingia kwenye tundu lake, nikapuuza. Mashua ile haifai kwenda majini mwaka huu. Tafadhali ondoa jina la Bernadeta katika orodha, na umwambie ni uamuzi wa klabu. Akijua ni mimi atakataa.

Sitaki tumlilie mtu, Mzee wangu.

Mwanao,
Revocatus


Duka la Vifaa, Gongoni, Tabora
23 Aprili 2024

Revo kijana wangu,

Marahaba, marahaba. Idi ilikuwa nzuri, nimeongezeka tumbo.

Nilipopata barua yako nilifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo mke wangu hajaliona tangu msiba wa baba yangu. Nikaenda bandani kwenu. Mimi na baba yako tukautoa mlingoti, tukaulaza juu ya viti, tukaupapasa wote, tukaumwagia maji ya sabuni, nikaugonga kwa nyundo ya mpira toka juu mpaka chini huku nimetega sikio. Nimeutafuta ufa mpaka nikaona haya mbele ya mzee wa watu. Mlingoti ni mzima kuliko mimi.

Jina la Bena siliondoi, na nimemwambia kwamba umeandika. Utanisamehe. Duka langu halifichi kitu isipokuwa bei.

Sasa nikuambie na mimi. Babu zetu walifika Tabora kwa miguu, na misafara yao, na hakuna aliyebeba mashua kichwani. Mchezo huu niliuleta mimi kutoka Mwanza, na kila anayeingia majini yuko shingoni mwangu. Siku ile ya Agosti nilikuwa kwenye boti ya uokoaji. Nilikuwa mbali, namvuta mtu mwingine, nikachelewa kufika, na hilo linaniamsha mpaka leo. Lakini nilikuwa wa kwanza kukuona uso. Watu wa ukingoni wanasema ulitoka unatabasamu. Hukuwa unatabasamu, Revo. Meno yalikuwa nje tu.

Ufa upo, nakubali. Ila haupo kwenye mlingoti. Mwandikie dada yako.

Mustansir


Gongoni
25 Aprili 2024

Revocatus,

Leo sikuamkii.

Unajua ulichokifanya? Baba hajalala vizuri tangu Jumanne. Mzee Mustansir alipomweleza, alikaa chini palepale kwenye mbao. Mti ule aliuchagua yeye mwenyewe huko Bukene, akauleta kwa treni, akaukausha kwa mwaka mzima. Walipomaliza kuupapasa na kukuta hauna kitu, bado hakuamini. Anasema, "Revo hawezi kusema uongo, yuko nyumba ya Mungu." Kwa hiyo ameamua macho yake ndiyo mabovu. Kila asubuhi naamka namkuta bandani anapitisha kidole mahali palepale, anaongea Kinyamwezi peke yake. Baba yetu anatafuta ufa usiokuwepo kwa sababu anakuamini kuliko mikono yake.

Nilikuwa naogopa maji. Sasa umeniongezea na hofu nyingine, maana nimejua kuna kitu hutaki nikijue, na lazima ni kikubwa kama mtu wa sala anaweza kudanganya kwa ajili yake. Nikilala naota nimefunikwa. Nikiamka najiambia, Revo mwenyewe anajua huko hakutokeki.

Mzee Mustansir anasema meno yalikuwa nje tu. Ni kweli?

Zimebaki siku kumi. Nijibu au usinijibu, nitajipindua.

Bernadeta


Nyumba ya Malezi, Kipalapala
30 Aprili 2024

Bena mdogo wangu,

Ni kweli.

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena. Majidi yuko getini ananisubiri, kwa hiyo hii ndiyo utakayoipata.

Umeuliza nilifanya nini. Sikufanya kitu. Nilipoanguka nilifumbua macho nikaona weupe mtupu, tanga lako, limekaa usoni kwangu kama shuka. Jaketi likanigandisha hapo. Nikaenda upande mmoja, nikaogopa kwamba nimekosea, nikageuka. Nikaenda upande mwingine, nikaogopa tena, nikageuka. Nadhani nilikuwa nazunguka palepale. Nilikunywa maji. Nilijikojolea, na nilijua najikojolea, na nililia humo ndani ya maji. Wala sikumkumbuka mama wala wewe wala mtu yeyote. Nilikuwa mnyama, Bena, mnyama kwenye gunia.

Nikasema, Mungu wangu, nitoe hapa nitakutumikia maisha yangu yote. Hapo hapo tanga likanyanyuka. Sijui ni upepo, sijui ni nini. Nikajikuta nje, jua linaniwakia usoni, na nyinyi mnashangilia.

Huo ndio wito wangu. Wenzangu hapa wanasimulia waliitwa tangu wakiwa watoto wa altare, waliisikia sauti polepole. Zamu yangu ikifika nasema na mimi hivyo hivyo. Mama aliandaa sherehe, jumuiya wakaimba, padri wa parokia akanishika kichwa, na mimi nilikuwa nimesimama pale na hofu tu, nimeivalisha shati jeupe.

Sasa nikuambie kilichonifanya nidanganye. Tangu Januari nimeanza kurudi nyuma moyoni. Nasali na hakuna kitu. Naangalia matuta yangu ya mchicha na kuwaza habari za mbao. Halafu ikaja barua yako: mashua ile ile, tanga lile lile, na aliyeandikisha jina ni wewe. Bena, niliona kama Mungu ananionyesha. Niliahidi, akanitoa. Nikiivunja ahadi, si atamchukua mwingine mahali pangu? Nani aliye karibu nami kuliko wewe? Ndiyo maana nikautunga ule ufa. Niliona afadhali baba aumie kuliko wewe ufe kwa ajili ya nadhiri yangu.

Sina cha kukufundisha, na hilo ndilo nililokuwa nakuficha. Hata kushoto na kulia sikumbuki. Nakuomba kwa magoti, usiingie. Na kama utaingia, nisamehe.

Mwambie baba mlingoti ni mzima. Mwambie ni mimi.

Revo


Gongoni
6 Mei 2024

Kaka Revo,

Shikamoo. Niko hai. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, utaanza kusoma mwisho.

Jana upepo ulikuwa mkali kuliko mazoezini. Tulikuwa wapya watatu. Wa kwanza alijipindua vizuri, wa pili akashindwa kuinua mashua, wakamvuta pembeni amejifunika taulo. Halafu Mzee Mustansir akapuliza vuvuzela lake na kuita Hodi. Mama alikuwa ameshika rozari na macho amefumba. Baba alisimama majini mpaka magotini na viatu vyake vya kanisani.

Shamila alishuka, nikabaki peke yangu. Nikaivuta mashua. Inatakiwa uangukie upande wa pili, mbali na tanga, usimame juu ya ule ubao unaotokeza chini ya mashua. Ndivyo wanavyofundisha. Lakini upepo uliiwahi, ikapinduka kabla sijajiweka sawa, ikanirusha upande wa tanga. Nikaingia chini yake, Kaka. Chini kabisa ya tanga.

Weupe ule nimeuona. Ulivyouandika ndivyo ulivyo. Sijawahi kuogopa hivyo katika maisha yangu, na sidhani nitaogopa hivyo tena hata siku ya kufa kwangu. Nilijikojolea na mimi, usijione peke yako.

Lakini nilikuwa na barua yako kichwani. Uliandika kwamba uligeuka, ukageuka tena. Nikajiambia, Bena, popote uso ulikoelekea, nenda huko huko, hata kama unakosea, usigeuke. Nikasukuma kitambaa juu kwa viganja, pakapatikana pumzi kidogo, imejaa maji nusu. Nikavuta tanga kwa vidole, nikavuta, nikavuta. Mwili wote ulikuwa unanilazimisha nigeuke. Sikugeuka. Nikagonga kichwa kwenye kamba ya ukingo wa tanga, nikatoka.

Unasema huna cha kunifundisha. Barua ile ya kwanza, ya sala na utulivu wa moyo, ingeniua. Hii ya pili ndiyo iliyonitoa.

Sasa sikiliza. Nilipokuwa chini, maneno yalinijia. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa: nitoe na sitagusa mashua tena, nitoe na nitafanya lolote. Sikuyasema. Si kwa ushujaa, ni kwamba mdomo ulikuwa umejaa maji. Nilitoka, Kaka, na hakuna aliyenidai kitu. Kama Mungu angetaka kunichukua badala yako, nilikuwa mkononi mwake pale, hakuna mtu wa karibu wa kumzuia. Boti ya uokoaji ilikuwa bado inageuza. Hakunichukua. Nimelifikiria hili tangu jana.

Nikaiinua Hodi kwa jaribio la tatu. Mzee Mustansir alikuwa analia hadharani, anasema ni vumbi, wakati tuko katikati ya maji. Shamila akapanda, bendera ikashuka, tukaanza shindano. Tulimaliza wa pili kutoka mwisho. Bado naogopa. Jumapili ijayo nitaogopa tena.

Baba nimemwambia mlingoti ni mzima na kwamba uliutunga ule ufa kwa sababu uliogopa nisije nikafa. Akasema, "Angesema tu anaogopa." Habari ya nadhiri sijamwambia yeye wala mama. Hiyo ni yako.

Ukitaka kubaki huko, baki. Mapadri wazuri wapo na huenda ukawa mmoja wao. Lakini usibaki ili mimi nisizame.

Mdogo wako,
Bena


Nyumba ya Malezi, Kipalapala
9 Mei 2024

Bena,

Marahaba. Barua yako niliisomea jikoni nimekaa juu ya gunia la mkaa, Majidi amesimama mbele yangu. Nilianza na mwisho kweli. Nililia mpaka mpishi akaja kuuliza nani amefariki.

Jana nilikwenda kwa Padri mlezi. Nilisimama nje ya mlango wake muda mrefu kuliko niliokaa chini ya tanga. Nikamweleza yote, mkojo na uongo na matuta ya mchicha. Nilitegemea anifukuze au anihubirie. Akaniuliza kama nimekula. Halafu akasema nadhiri ya mtu anayekabwa na maji ni kilio, na Mungu anakijua kilio anapokisikia. Akaniambia nirudi chumbani, nilale, nikiamka niiseme tena ahadi ile ile nikiwa mkavu, nimeshiba, hakuna kinachonikaba. Ikitoka, nibaki. Isipotoka, hakuna atakayenifunga hapa.

Leo asubuhi baada ya chai nilikwenda kanisani peke yangu. Nikapiga magoti. Nikafungua mdomo.

Haikutoka, Bena. Nilijaribu mara nyingine, haikutoka. Nikakaa tu pale, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti nilisali bila kuomba kitu.

Naogopa kurudi kuliko nilivyoogopa kuja. Namwona mama na watu wake wa sokoni. Namwona padri wa parokia. Namwona baba, na hapo ndipo nashindwa kabisa. Padri mlezi amesema naweza kuondoka Jumamosi asubuhi.

Usimwambie mtu. Njoo na Majidi mnichukue, mnishike na mkono kama ikibidi, kwa sababu nikitoka hapa peke yangu sitafika nyumbani, nitaishia njiani.

Kaka yako,
Revo